Alama kwenye vitabu vya Holokosti, naomba msaada wa kosiweki

kijana_jinja: Wakuu habari, niko kampasi hapa Kampala, tumepewa kosiweki juu ya alama kwenye vitabu vya Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, vile zinaonyesha mtu anatengwa hadi anageuzwa kitu. Nimemsoma Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambini, lakini naona tu moto na giza, zingine natoa wapi?

mama_vitabu: Anza na namba. Kwenye kambi ya Auschwitz wafungwa walichorwa namba mkononi, Wiesel akawa A-7713, Primo Levi, mwandishi Mwitaliano aliyenusurika pia, akawa 174517, na Levi anasema usipoonyesha namba hupati mkate wala supu. Yaani jina lako halikulishi tena.

mzee_wa_gulu: Mimi ningeshika kijiko. Levi anaeleza wafungwa wapya hawakupewa kijiko, unakinunua kwa mkate wako mwenyewe ama unalamba supu kama mbwa, halafu kambi ilipokombolewa Januari 1945 stoo zikakutwa na vijiko maelfu kwa maelfu! Kwa hiyo si uhaba bana, ni makusudi. Hiyo iandike vizuri.

kijana_jinja: Duh. Asante mzee. Na kwa Wiesel, ile jioni mtoto amenyongwa supu ikawa na ladha ya maiti, nayo ni alama?

mama_vitabu: Ndio, ila ilinganishe na yule kijana aliyenyongwa kabla, siku ile anasema supu ilikuwa tamu kuliko kawaida, hapo ndo unaona vile walishakufa ganzi. Na moto usiuandike kama alama tupu, ulichoma watu kweli. Unapeleka lini hiyo kazi?