Trekta kuukuu: ikiwa tupu inanguruma, plau ikizama inakosa nguvu. Tupeane uzoefu

Msukaplau
Wakuu, ugonjwa ni ule ule wa kila msimu wa kulima. Trekta ya dizeli ya zamani, isiyo na tabo (ya kuisukumia injini hewa) wala kompyuta, inawaka mara moja, sailensa (mzunguko wa chini bila resi) imetulia, ukiipa resi inapanda bila kusita. Zamisha plau: sauti inakuwa nzito, mwendo unakufa, inabidi ushushe gia au uinue plau. Kila anayejua aeleze anaanzia wapi na kwa nini. Jibu la "peleka pampu kwa fundi" tuliweke mwisho, maana pampu nyingi hufunguliwa zikiwa nzima.

Gia ya Tatu
Kabla hujagusa spana, jua kama ni injini inayoshindwa au ni nguvu isiyofika chini. Sikiliza wakati plau iko ardhini. Mzunguko wa injini ukishuka pamoja na mwendo, tatizo ni injini. Injini ikibaki na resi yake huku trekta inasinzia, hapo ni klachi au matairi.

Klachi inapimwa hivi: breki zote mbili chini, gia kubwa, resi ya wastani, achia pedali taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza. Usirudie mara tatu nne, utaichoma kabisa. Anza na uchezaji wa pedali: diski ikiliwa, uchezaji unapungua, mwisho klachi haibani hata ukiondoa mguu. Kama uchezaji upo na bado inateleza, diski imeisha au sili ya nyuma ya kranki imevujisha oili juu yake.

Tairi: piga mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, lima mizunguko 10, weka alama mwanzo na mwisho. Rudia umbali huo huo plau ikiwa juu. Ukipata mizunguko 8.5, utelezi ni asilimia 15, na hiyo kwa trekta inayovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu shambani ni kawaida. Ukipata 7, ongeza uzito au punguza upana wa plau. Injini haina kosa.

Nyanyua pia kila gurudumu la nyuma kwa jeki, gia huru, ulizungushe kwa mkono. Breki inayobana inakula nguvu kimyakimya, na baada ya kazi ngoma yake huwa ya moto kuliko mwenzake.

Tapeti
Moshi ndio cheti cha ugonjwa. Mtu mmoja aendeshe, mwingine asimame pembeni aangalie ekzosi plau ikiwa imezama.

Nguvu zimepungua na moshi hauonekani: dizeli haifiki ya kutosha. Moshi mweusi mzito: dizeli ipo, hewa haitoshi, au nozeli (kinyunyizio cha dizeli kwenye silinda) inamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi mweupe unaochoma macho injini ikiwa ya moto: dizeli inatoka bila kuungua, kwa sababu ya taimingi (wakati wa kunyunyiza dizeli) iliyochelewa, nozeli mbovu au mgandamizo mdogo. Bluu ni oili.

Ukungu mweusi kidogo wakati mzigo umekaza ni kawaida kwa injini hizi. Asiye na hata kidogo ndiye mgonjwa wa njaa.

Nozeli Tatu
Naongezea kwenye hiyo njaa, maana ndiyo inayoongoza. Ikiwa tupu injini inatumia dizeli kidogo sana, kwa hiyo njia iliyoziba nusu inatosha. Mzigo ukija inahitaji mara kadhaa ya kiasi hicho, ndipo inakauka. Fuata dizeli kutoka tangini kwenda mbele, usiruke hatua.

Mfuniko wa tangi kwanza. Una kitundu cha kupumulia ambacho vumbi huziba. Lima mpaka ianze kufa, kisha legeza mfuniko. Ukisikia inavuta pumzi "fyuuu" na nguvu zikarudi, umemaliza.

Pili, mdomo wa kutokea dizeli ndani ya tangi. Dalili yake ni ya pekee: inavuta vizuri dakika tano au kumi, inakufa, ukiisimamisha kidogo inarudi kama haikuwa na kitu. Uchafu unafyonzwa juu ya mdomo, mvuto ukikoma unaelea tena. Wengi hupuliza bomba kwa upepo, wakaona imepona. Uchafu umerudi tangini tu, utakuja tena. Mwaga tangi lote kwenye chombo safi, toa koki, safisha wavu wake.

Tatu, pampu ndogo ya kuvutia dizeli, yenye kiwiko cha mkono. Fungua bomba linaloingia pampu kubwa (inayosukuma dizeli kwenye nozeli), kinga kwa chupa, piga kiwiko. Kila pigo litoe dizeli kwa nguvu, si kudondoka. Kiwiko kikiwa legelege bila ukinzani, usiilaumu: huenda kamu (nundu ya injini inayoisukuma) imeshikilia pampu juu. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, jaribu tena. Diaframu ikichanika, dizeli inaweza kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka dizeli, usiwashe injini mpaka ubadilishe diaframu na oili, maana oili iliyochujuka inaua beringi.

Nne, filta. Badilisha pamoja na mipira yake. Mpira wa zamani uliobaki umenata juu, ukaweka mpya chini yake, utavuja.

Tano, wavu mdogo uliofichwa dizeli inapoingilia kwenye pampu kubwa. Pampu za CAV DPA (aina ya pampu kubwa iliyo kwenye trekta nyingi za zamani) nyingi zinao, na wengi hawajui kama upo.

Ukishuku upepo umeingia kwenye dizeli, funga kipande cha mpira mwangavu kati ya filta na pampu kubwa. Mapovu yakipita mfululizo, tafuta upenyo upande wa kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu ndogo. Baada ya pampu ndogo kuna msukumo, kwa hiyo penye upenyo utaona unyevu.

Kutoa upepo kwenye DPA: skrubu ya filta kwanza, kisha ile ya ubavuni mwa pampu, kisha ya juu kwenye mfuniko wa gavana (kidhibiti mzunguko). Kila moja ifungwe dizeli ikitoka bila povu. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, piga stata mpaka zilowe, kaza.

Chujio Kavu
Hewa ina maelezo mafupi. Eya klina ya oili (chujio la hewa lenye bakuli la oili): mwaga, osha bakuli, jaza hadi kwenye alama na si zaidi. Ikizidi, injini inaivuta. Kagua mpira wa kwenda injini kwa kuubonyeza kwa vidole. Kuna mipira ambayo nje ni mizuri, ndani tabaka limebanduka na linajifunga kama mlango injini ikivuta sana. Ukiwa hapo, angalia na sailensa ya ekzosi: masizi na viota vya nyigu.

Tapeti
Dizeli na hewa zikiwa safi, njoo nozeli. Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja nusu mzunguko, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza nati ya silinda isiyo na tatizo, injini inayumba. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo mbovu. Vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, mkono ukae mbali: dizeli ya msukumo ule inapenya ngozi, na mtu aliyepenyezwa anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nozeli. Ukibaki pale pale, ni valvu, ringi au gasketi. Kila ukirudisha nozeli weka washa (pete bapa) mpya ya shaba, toa ya zamani iliyobaki shimoni, na kaza nati mbili kwa zamu ili isikae upande.

Uwazi wa tapeti (nafasi kati ya valvu na kisukumio chake) za injini ya Perkins AD3.152, iliyomo kwenye trekta ya Massey Ferguson 135, ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, 0.25 ikiwa ya moto. Injini nyingine fuata kitabu chake. Zilizobana sana zinaacha valvu wazi kidogo, mgandamizo unapotea.

Msukaplau
Na ile inayovuta vizuri asubuhi, ikipata moto inalegea, ukiizima haiwaki mpaka ipoe?

Nozeli Tatu
Hiyo sasa ndiyo pampu yenyewe. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya penye kulika ndani ya rota (sehemu ya pampu inayozunguka) badala ya kwenda nozeli. Kujua bila kufungua: zima, funika pampu kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika chache, jaribu kuwasha. Ikiwaka haraka, rota imelika.

Gia ya Tatu
Kitambaa sawa. Kumwaga ndoo ya maji baridi juu ya pampu ya moto hapana. Ganda linasinyaa kabla ya rota, inakwama.

Nozeli Tatu
Naam. Na mnaokata sili ya skrubu ya resi kubwa mkidhani mnaongeza nguvu: skrubu ile inapandisha kikomo cha mzunguko tu, haiongezi dizeli kwa kila pigo. Kabla hujaigusa, vuta mkono wa resi mpaka mwisho, mwenzako aangalie kwenye pampu kama kiwiko kinafika kwenye skrubu. Pini za viungo zikilika, kinaishia njiani.