Mume A+, mimi B+, mtoto katoka O-: inawezekana kweli?

mama_wawili
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana hapa nyumbani amani imepungua. Mtoto wetu wa pili ana miaka minne, anatakiwa kufanyiwa operesheni ya ngiri, juzi hospitali wakampima damu majibu yakaja O-. Mume wangu ni A+ na mimi B+, kadi zote zipo. Sasa mama mkwe alikuwepo, akauliza pale pale mbele ya watu, "hiyo damu kaitoa wapi?" Tangu siku hiyo baba watoto haongei, anakula, anaangalia mpira, analala. Mi najijua sina wasiwasi wowote ila sina cha kumjibu kitaalamu, baiolojia niliachana nayo kidato cha pili. Nieleweshwe taratibu.

kijana_wa_tandika
DNA tu dada, maneno mengi ya nini 😂

ticha_baio
Achana na huyo hapo juu. Inawezekana, tena si ajabu hata kidogo.

Iko hivi, jeni, yaani maelekezo ya urithi mwilini, za kundi la damu kila mtu anazo mbili, moja kapewa na baba moja kapewa na mama, ila kwenye kadi wanaandika kile kinachoonekana tu. Pale maabara wanaweka matone ya damu yako kwenye kigae wanadondoshea dawa ya anti-A kwenye tone moja na anti-B kwenye lingine, wanatikisa kidogo wanaangalia lipi linashikana madongemadonge. Likishikana la A wewe ni A, basi. O yenyewe haina cha kushikana, kwa hiyo mtu mwenye A na O na mtu mwenye A mbili kwenye kile kigae wanafanana kabisa, wote wanaandikiwa A. Ndo maana tunasema A na B zinatawala, O inajificha, na mtu anaweza kuishi nayo mpaka anazeeka hajui kama anayo.

Sasa kama mumeo ni AO na wewe ni BO, kila mmoja anatoa moja tu kwa mtoto. Akitoa A wewe ukatoa B mtoto ni AB, yeye A wewe O mtoto ni A, yeye O wewe B mtoto ni B, wote mkitoa O ndo huyo wako. Robo robo. Na watu wasikudanganye eti robo maana yake kati ya watoto wanne lazima mmoja awe O, hapana, kila mimba inaanza hesabu upya, mnaweza kuzaa O watatu mfululizo.

Hiyo minus nayo ni habari ileile. Plus inatawala, minus inajificha, wote wawili mnaweza kuwa plus huku kila mmoja kabeba minus moja. Jeni yake iko kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) namba 1 na ile ya A, B, O iko namba 9, kwa hiyo zinagawanywa kila moja kivyake. Kwa wazazi kama nyinyi O- ni robo ya robo, yaani 1 kwa 16. Haitokei kila siku ila inatokea.

Swali: mtoto wa kwanza ni kundi gani? Na mama mkwe je?

mama_wawili
Asante sana ticha. Wa kwanza ni A+. Mama mkwe ni O+, hilo nalijua vizuri maana kila akija lazima atuhadithie alivyokuwa anachangia damu enzi zake.

ticha_baio
Haaa, basi kesi imeisha dada angu.

Mama mkwe akiwa O maana yake ana O mbili, hana kingine cha kumpa mtoto. Kwa hiyo mumeo lazima kapewa O na mama yake, hiyo A kaipata kwa baba yake. Mumeo ni AO, hamna ubishi. Wewe sasa: mtoto wa kwanza ni A, angekuwa kapewa B na wewe ingeonekana, haionekani, basi ulimpa O. Hata ukimweka baba pembeni, hesabu hiyo inasimama kwa damu yako na ya mwanao tu. Wewe ni BO.

Na O aliyopewa mdogo na baba yake ni ileile baba yake aliyopewa na bibi. Sasa utajua mwenyewe utamwambiaje mama mkwe kaitoa wapi, mi simo 😅

kijana_wa_tandika
Daah mama mkwe kajichongea

fundi_wa_maabara
Ticha kaeleza vizuri, ila niongeze kidogo watu wasije wakaitumia hii vibaya. Kundi la damu linaweza kusema fulani SI baba, haliwezi kusema fulani NDIYE baba, maana wanaume wenye O ya kutoa wako wengi mno. Na hata kukataa kwenyewe kuna visa adimu vinavyovuruga, kuna kundi linaitwa Bombay, liliripotiwa India 1952, mtu anapimwa anaonekana O kumbe jeni ya A au B anayo.

Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za zamani, mnamjua? Alishtakiwa kule California kwamba kazaa na binti mmoja. Mama A, mtoto B, Chaplin O. Hiyo B lazima itoke kwa baba na Chaplin hana, madaktari wakasema si wake, na bado mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama likaamua ni wake akatakiwa kutoa matunzo. Sayansi ilikuwepo, walioisikiliza ndo hawakuwepo.

Na wewe wa DNA tu, Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, vipimo vinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na huendi tu na mtoto mkononi kama unaenda kupima malaria, ombi linapitia kwa watu kama mahakama au ustawi wa jamii.

Dada, la muhimu kuliko yote hayo: mtoto wa O- akiongezewa damu anatakiwa apewe O-. Wewe, baba yake na kaka yake hamna anayeweza kumchangia, na bibi kwenye O anapita ila ile plus inamkwamisha. Ngiri kwa kawaida haihitaji damu, ila kabla ya tarehe muulize daktari kama benki yao wanayo O-, na mwombe wampime kundi mara ya pili, sampuli huwa zinachanganywa lebo.

mama_wawili
Jamani asanteni. Nimemwonyesha huu uzi wote kausoma mara mbili, kaniuliza kitu kimoja tu: operesheni ni lini na hiyo O- tunaitafutia wapi. Mwenye ndugu O- Moro hapa naomba aniambie.