Mjadala: Maji ya mvua tunayokunywa Newala na Tandahimba yapimwe viuatilifu na homoni, au tungoje?

Mwanzisha mada, Tandahimba

Ndugu zangu wa Kusini, msimamo wangu nautoa mapema: maji ya kunywa majumbani yapimwe mabaki ya viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea), na palipo na sababu yapimwe homoni pia.

Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ya bomba kutoka chanzo cha Mitema hayamfikii kila mtu kila siku. Nyumba nyingi zinategemea mvua: bati, gata, kisima cha saruji au simtanki. Bati hilohilo, kuanzia Juni hadi Agosti, liko katikati ya mikorosho inayopulizwa. Salfa ya unga unaiona kwa macho, na hiyo hainitishi sana. Ninachohofia ni dawa za maji za ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) za jamii ya triazoli, ambazo baadhi yake zimeonekana maabara zikivuruga homoni za wanyama, pamoja na dawa za wadudu waitwao mbu wa mikorosho. Hizo huzioni. Mvua za kwanza zikianguka, Novemba au Desemba, zinasafisha bati na kila kilicholala juu yake kinaingia kisimani. Halafu tunachemsha, tunampa mtoto, tunalala tukijua tumemlinda. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Dawa ya mkorosho inabaki palepale.

Anayepinga karibu.

Mchangiaji, Masasi (nafanya kazi maabara)

Mkuu, nakuheshimu lakini napinga. Kinachojaza wodi za watoto ni kuhara, na chanzo chake ni kinyesi. Kiwango kinataka kusiwe na bakteria wa E. koli hata mmoja katika mililita 100 za maji, na visima vingi vya nyumbani havijawahi kupimwa hata hicho, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote.

Homoni ni habari nyingine. Zinahesabiwa kwa nanogramu. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 katika lita bilioni 1. Vile vikaratasi vya kupimia maji vinavyobadilika rangi havifiki huko hata kidogo, asidanganywe mtu akanunua. Inatakiwa chupa ya kioo iliyosafishwa, sampuli isafiri kwenye barafu, maji yapitishwe kwenye kichujio kinachonasa kemikali, kisha mashine ya kromatografia (ya kutenganisha kemikali) iliyounganishwa na ya kupima uzito wa molekuli. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2012 kuhusu mabaki ya dawa za binadamu, lilisema kuyapima mara kwa mara kwenye maji ya kunywa si lazima, kwa kuwa yanayopatikana ni zaidi ya mara 1,000 chini ya dozi ndogo kabisa ya tiba. Fedha ni kidogo. Tuanze na kinachoua leo.

Mchangiaji, Lindi mjini

Kaka zangu, kwetu kuna visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na homoni hutoka mwilini kwa mkojo. Kanada watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwenye ziwa la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kuisha ziwani. Najua samaki anaishi ndani ya maji na mimi nakunywa glasi, lakini Ulaya nako mwaka 2022 wameiweka estradioli, homoni ya kike, kwenye orodha ya kufuatiliwa katika maji ya kunywa, kiwango cha mwongozo nanogramu 1 kwa lita. Kwa nini wao wafuatilie, sisi tuambiwe tungoje?

Mwanzisha mada, Tandahimba

Dada wa Lindi, choo kilicho karibu na kisima kinadai kipimo cha kinyesi kwanza. Hapo nakubaliana na Masasi.

Ila ndugu wa Masasi, ripoti uliyoitaja inahusu dawa za binadamu. Viuatilifu havimo, na Shirika hilohilo limeweka viwango vya viuatilifu vingi kwenye mwongozo wake wa maji ya kunywa. Sisi hatubahatishi chanzo: dawa tunaijua, mwezi tunaujua, bati tunaliona. Sampuli zichukuliwe kabla ya kupuliza, mvua ya kwanza, na katikati ya masika, kwenye visima vichache kila kata. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Wakati tunasubiri, kila nyumba igeuze gata nje mvua za kwanza, bati lioshwe. Gharama itoke kwenye makato ya AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima), tayari tunakatwa kwa kila kilo.

Mchangiaji, Masasi

Kwa viuatilifu umenishawishi, mradi chupa ya vijidudu ijazwe siku hiyohiyo. Kwa makato, hapana. Mkulima ameshakatwa vya kutosha. Kampuni hulipa ada kusajili dawa zao kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wanaouza dawa ndio wagharamie kuitafuta kwenye maji yetu. Wana-AMCOS mnasemaje?