Naomba ushauri: mtoto wa mtaani hapa Mwaloni anataka shule

Habari zenu wakuu. Nauza chakula soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kuna dogo wa kama miaka 11 analala chini ya maturubai ya wafanyabiashara wa dagaa. Asubuhi anaokota zile zinazomwagika magunia yakipakiwa, anauza kwa kopo. Juzi kaniomba nimwandikishe shule.

Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka halmashauri imlinde mtoto kama huyu, na ada ya msingi ilishafutwa. Ila hana cheti cha kuzaliwa, anasema kwao Ukerewe lakini kijiji hataki kukitaja. Nikigusia ustawi wa jamii anatoweka siku nzima, anadhani ni wale wa kukamata. Wenzake walishasombwa kwenye gari, hawakukawia kurudi palepale.

Sasa nianzie wapi: mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi, au nipige 116, ile simu ya msaada kwa watoto? Kwa umri wake MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa shule, si ndiyo inamfaa? Na nikimlaza kwangu wakati tunasubiri, sitaambiwa nimeiba mtoto? Hilo ndilo linamtia hofu mume wangu, na simlaumu. TASAF nayo, ule mfuko wa serikali wa misaada, ni ya kaya maskini. Asiye na kaya anaingilia mlango gani? Mliowahi kupita njia hii nielekezeni, dogo kaniuliza tena leo.