Je, dawa ndiyo inayoufundisha ukungu kuwa sugu, au usugu ulikuwamo tangu mwanzo?

MamaSalehe (Lushoto)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninalima viazi mviringo na nyanya huku milimani, na nina swali ambalo bwana shamba wetu alilijibu kwa kifupi mno.

Kwa misimu kadhaa nimetumia dawa ya unga yenye mancozeb na metalaxyl dhidi ya ugonjwa wa bakajani chelewa. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri: baada ya kupiga dawa, doa lilikauka, kingo zake zikawa kahawia, na ule utando mweupe wa chini ya jani ukatoweka. Siku hizi utando huo unarudi asubuhi zenye umande, hata kama dawa imepigwa siku chache tu zilizopita. Muuza pembejeo alinishauri nibadilishe dawa, nikanunua pakiti ya jina jingine na rangi nyingine, lakini niliposoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta viambato ni vilevile viwili. Jirani ananiambia niongeze kipimo kwenye bomba. Mwingine anasema dawa zote za siku hizi ni bandia.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: ukungu hubadilikaje hadi dawa isiudhuru? Je, unaizoea kidogo kidogo, kama mtu anavyozoea pilipili, au kuna jambo jingine linaloendelea ndani yake?

Tabibu_wa_Mimea (Morogoro)

Mama Salehe, shikamoo. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, yaani kusoma viambato badala ya jina la biashara, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Hauzoei. Mtu anayezoea pilipili ni yuleyule aliyeanza nayo, lakini ukungu unaouona leo si ule uliopigiwa dawa mwanzoni, ule ulikufa. Kila kimelea kinapozaliana, vinasaba vyake hunakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa machache yasiyo na mpango wowote. Mengi ya makosa hayo hayana athari, na mengine humwangamiza mwenye nayo. Lakini doa moja la bakajani chelewa linaweza kutoa makumi ya maelfu ya spora, yaani vijimbegu vyake vidogo mno, kwa siku, na kukiwa na baridi na unyevu, spora inayotua kwenye jani leo huwa imezaa spora zake baada ya takriban juma moja. Zidisha hayo kwa shamba lako, kisha kwa mabonde yote ya Usambara, na utaona kwamba hata kosa linalotokea mara moja katika spora milioni mia litatokea msimu huuhuu, mahali fulani, kabla hujafungua pakiti. Spora yenye kosa hilo haina umuhimu wowote ikiwa imezungukwa na nyingine nzima, na pengine ni dhaifu kidogo kuliko hizo. Siku unapopiga dawa, zile nzima zinakufa na jani lote linabaki kuwa lake. Kazi ya dawa ilikuwa kuchagua tu.

Sasa tuangalie viambato vyako viwili, kwa sababu tabia zao hazifanani hata kidogo. Metalaxyl huingia ndani ya mmea na kuzuia kimeng'enya kimoja tu cha kimelea, kile kinachotengeneza RNA ya ribosomu, yaani ya vile vijisehemu vya seli vinavyounda protini. Dawa inayolenga mahali pamoja inaweza kushindwa kwa badiliko moja. Ilianza kuuzwa mwaka 1977, na kufikia 1980 tayari ilikuwa imeshindwa katika mashamba ya viazi ya Ireland na Uholanzi, ambako ilikuwa imetumika peke yake. Mancozeb hubaki juu ya jani, haiponyi kilichokwisha kuingia, lakini hushambulia protini nyingi za kimelea kwa wakati mmoja, na ndiyo maana imetumika tangu miaka ya 1960 bila tatizo kubwa la usugu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba katika pakiti yako sehemu inayofanya kazi sasa ni mancozeb peke yake. Hilo lingeeleza unachokiona: majani yaliyofunikwa na dawa kabla ya kuambukizwa yanapona, na yale yaliyokwisha kuambukizwa hayatibiki tena.

Kuhusu kipimo, jirani yako anakupoteza. Usugu wa metalaxyl ni wa ndiyo au hapana: kimelea chenye jeni iliyobadilika kinaweza kuvumilia zaidi ya mara mia ya kipimo kinachoua kimelea cha kawaida. Ukiongeza dawa unawaondoa kwa ukamilifu zaidi washindani wa kile kilicho sugu, na unaongeza mabaki kwenye chakula.

Jambo moja la nyongeza, kwa kuwa limewagharimu wakulima wengi fedha. Kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, hakimo katika kundi la kuvu halisi. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Utando wake wa seli haujengwi kwa ergosteroli (aina ya mafuta ya utando wa kuvu) inayotengenezwa na kimelea chenyewe, na kwa hiyo dawa za kundi la triazoli, ambazo huzuia utengenezaji wa ergosteroli, haziwezi kukidhibiti. Ukiuziwa tebuconazole au difenoconazole pekee kwa ajili ya ugonjwa huu, umeuziwa dawa halisi ya ugonjwa mwingine.

Mibuni_Kiambu

Hamjambo. Naomba niongeze mfano wa huku kwetu Kenya, kwa sababu ni wa kuvu halisi, na kwa sababu unaondoa dhana kwamba usugu lazima utokane na vimelea kupandana na kuchanganya jeni.

Ugonjwa wa matunda mabichi ya kahawa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita chulebuni, ulionekana kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Kuvu inayouleta, Colletotrichum kahawae, haijulikani kuwa na uzazi wa kijinsia; huzaa nakala zake yenyewe, na tofauti za kijeni miongoni mwa sampuli zake ni ndogo sana. Ungetegemea kimelea cha namna hiyo kiwe kizito kubadilika. Mashamba yaliyokuwa yakipulizia dawa za shaba yakapata benomyl na carbendazim, dawa za kisasa za wakati huo, na kwa muda mfupi zilionekana kuwa mkombozi. Kufikia mwaka 1976 watafiti walikuwa tayari wamechapisha taarifa za aina za kuvu hiyo ambazo dawa hizo hazikuziua.

Kundi hilo la dawa hujishikiza kwenye protini iitwayo beta-tubulini, ambayo seli huihitaji ili kugawa kromosomu zake. Katika kuvu nyingi zilizochunguzwa duniani, usugu hutokana na badiliko la asidi amino (kiungo cha mnyororo wa protini) moja tu, mara nyingi nafasi ya 198 au ya 200 ya protini hiyo. Mama Salehe, hapa ndipo pakiti zako mbili zinaporudi katika hesabu: benomyl hugeuka kuwa carbendazim, na thiophanate-methyl vilevile. Mkulima aliyekuwa akizungusha dawa hizo tatu aliamini anabadilisha, kumbe kuvu ilikuwa inakutana na kitu kilekile kila safari.

Wakulima walirudi kwenye shaba, na mwaka 1985 ikatolewa aina ya kahawa ya Ruiru 11, yenye ukinzani wa asili. Binafsi naona hilo ndilo lililosaidia kuliko dawa yoyote, ingawa wapo wazee hapa ambao bado wanaapa kwa aina ya zamani ya SL28 na ladha yake, na siwezi kuwalaumu.

Kuhusu dawa bandia: zipo, na hakuna anayekataa. Lakini bandia na usugu vinaweza kutenganishwa. Maabara huchukua vipande vya majani mabichi, huviacha vielee juu ya maji yenye viwango tofauti vya dawa iliyothibitishwa, kisha huviambukiza kimelea kutoka shambani. Kimelea kikistawi hata kwenye kiwango cha juu, hapo tatizo ni kimelea. Kikifa, tuanze kuangalia pakiti.

MamaSalehe (Lushoto)

Nashukuru sana, nimeelewa zaidi kuliko nilivyotarajia. Nina maswali mawili mengine. La kwanza, je, kimelea sugu kilizaliwa shambani kwangu, au kinaweza kuwa kimeletwa? La pili, kwenye nyanya ninasumbuliwa pia na bakajani tangulia, na nimeshauriwa kutumia azoxystrobin. Je, nayo itaniishia mikononi namna hiyohiyo?

Tabibu_wa_Mimea (Morogoro)

La kwanza: kuletwa ni jambo linalowezekana sana. Bakajani chelewa la Afrika Mashariki huenea kwa koo, yaani makundi ya nakala za mzazi mmoja. Kwa miaka mingi ukoo wa zamani uitwao US-1 ndio uliotawala, lakini tafiti za Kenya na Uganda zimeonyesha kwamba kwenye viazi umeondolewa na ukoo mgeni, 2_A1, ambao umeonekana pia kwa majirani. Mbegu ya viazi yenye ugonjwa ikisafirishwa kwa lori kutoka wilaya moja hadi nyingine, jeni zake zote husafiri nayo, pamoja na usugu uliochaguliwa mahali ambapo hujawahi kufika. Kinachotusaidia ni kwamba sampuli za kanda yetu zimekuwa za jinsi moja tu kati ya mbili za kimelea hiki, yaani A1. Ulaya, ambako A2 ilienea kuanzia miaka ya 1980, jinsi hizo mbili hukutana na kuzaa oospora, yaani spora za kupandana, zinazodumu ardhini, na kila oospora ni mchanganyiko mpya wa jeni. Ikitokea mtu akaingiza mbegu bila karantini, hali hiyo inaweza kutufikia.

Kuhusu azoxystrobin, hapa jibu linavutia. Dawa za kundi lake, strobilurini, zilianza kuuzwa mwaka 1996, na mwaka 1998 ubwiriunga (ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani) wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa tayari umekuwa sugu. Zinalenga protini ya sitokromu b katika mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nishati, na badiliko la nafasi ya 143, kutoka asidi amino ya glisini kwenda alanini, huzifanya zisiwe na kazi. Lakini katika kuvu za kutu, kama kutu za ngano, usugu huo haukutokea ingawa dawa zimetumika kwa wingi. Sababu iko katika mpangilio wa jeni. Katika kuvu hizo, mara tu baada ya nafasi ya 143 ipo introni, kipande ambacho lazima kikatwe kabla protini haijatengenezwa, na herufi za jeni za nafasi hiyohiyo hutumika kuonyesha mahali pa kukata. Spora yenye badiliko hilo hushindwa kukata introni, haipati sitokromu b, na hufa yenyewe bila kungoja dawa.

Kimelea chako cha bakajani tangulia, Alternaria solani, nacho kina introni hiyo. Njia kuu imefungwa, lakini kilipata ya pembeni: badiliko la nafasi ya 129, lililoonekana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambalo hupunguza nguvu ya dawa bila kuiua kabisa. Ndugu yake, Alternaria alternata, ambaye hana introni mahali hapo, amekuwa sugu kabisa kwa badiliko la 143. Kwa hiyo tarajia azoxystrobin ikudhoofikie hatua kwa hatua. Usiitegemee peke yake, na usiipige mfululizo.

Maabara_Moshi

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakulima. Kazi yangu ni ya hospitali. Zile triazoli zilizotajwa zinatuhusu na sisi, kwa sababu dawa tunazowapa wagonjwa wenye maambukizi ya kuvu kwenye mapafu hulenga kimeng'enya kilekile, kinachotokana na jeni ya cyp51A. Kuvu ya Aspergillus fumigatus haishambulii mazao yenu. Huishi kwenye mboji, vipande vya mbao na mabaki ya mimea, na hupata dawa bila kukusudiwa. Uholanzi waliona wagonjwa wenye aina sugu ambao hawakuwahi kutibiwa kwa dawa hizo. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya aina zenye mabadiliko yaleyale kutoka kwenye udongo na mabaki ya mbao hapa Tanzania, upande wa Kilimanjaro. Usugu huu hauji kwa badiliko moja tu: kipande cha herufi 34 kilicho mbele ya jeni hujirudia, kimeng'enya kikatengenezwa kwa wingi, na juu yake hubadilika asidi amino ya nafasi ya 98. Tafadhali msimwage mabaki ya dawa kwenye lundo la mboji.

Mibuni_Kiambu

Hiyo ni habari nzito, asante. Mama Salehe, mtu akikushauri kuzungusha dawa, muulize anazungusha nini. Kamati ya kimataifa ya usugu wa viuakuvu, FRAC, imeyapa makundi namba kulingana na mahali dawa inapofanyia kazi, na baadhi ya lebo huzichapisha.

MamaSalehe (Lushoto)

Kwenye pakiti zangu hakuna namba yoyote.

Tabibu_wa_Mimea (Morogoro)

Basi tumia viambato. Metalaxyl ni kundi la 4. Benomyl, carbendazim na thiophanate-methyl ni la 1. Tebuconazole na difenoconazole ni la 3. Azoxystrobin ni la 11. Mancozeb ni M03 na shaba ni M01, na herufi M inamaanisha hushambulia sehemu nyingi. Msimu ujao anza na mancozeb au shaba pekee kabla mvua hazijashika, na metalaxyl uiweke kando kabisa hadi sampuli zako zipimwe. Ukipata kundi jingine la kupenya lililosajiliwa kwa viazi, lipige mara chache, kila mara likiwa pamoja na mancozeb. Majani kwa ajili ya kipimo yachume asubuhi, yale yenye doa changa lenye utando, uyafunge kwenye karatasi yenye unyevu kidogo na si kwenye nailoni, kisha uyafikishe kabla hayajaoza.