Msingi wa MMA: aanze na mieleka, jujitsu au ngumi na mateke?

Mpambe_wa_Kizimba (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 17 na kichwani mwake hakuna kingine ila MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke, kuangusha na kunyonga. Hajawahi kujifunza mchezo wowote wa mapigano kwa mpangilio, ila ni mwepesi na pumzi anayo. Tumepata sehemu tatu za kuanzia: klabu ya mieleka ya mtindo huru, ile ya Olimpiki, klabu ya jujitsu ya Kibrazili, na klabu ya ngumi na mateke. Hakuna hata moja inayofundisha MMA yenyewe, kwa hiyo itabidi ajenge msingi mmoja kwanza ndipo ahamie.

Kila ninayemuuliza ananiambia mieleka, kisha anamtaja Khabib, yule bingwa wa MMA aliyestaafu. Sawa, lakini Khabib ni mmoja. Nataka kujua mieleka inampa mpiganaji kitu gani ambacho hizo mbili hazimpi, na inamnyima nini. Mliowahi kukanyaga mkeka karibuni. Mashabiki wa sofa nanyi karibuni, ila mjitambulishe.

Mtama_Mrefu

Mieleka mkuu, bila kupepesa macho. Mwanamieleka ndiye anayeamua pambano lipiganwe wapi. Akitaka msimame mtasimama, maana huna uwezo wa kumwangusha. Akitaka mlale mtalala. Mtu wa ngumi na mateke anatisha hadi mgongo wake unapogusa chini. Wa jujitsu ni hatari chini, ila afike kwanza huko, na wengi wao hawajui kumwangusha mtu asiyetaka kuanguka.

Historia iko wazi. UFC ya kwanza (shindano kubwa la MMA la Marekani) mwaka 1993 Royce Gracie, mtu wa jujitsu, aliwanyonga watu waliomzidi mwili, dunia ikadhani mjadala umefungwa. Baadaye akaja Mark Coleman, bingwa wa vyuo vya Marekani aliyeshiriki Olimpiki ya Barcelona 1992. Anaingia miguuni, anakubwaga, anakaa juu, anashusha ngumi na vichwa (enzi hizo kupiga kichwa kuliruhusiwa). Akabeba UFC 10 na UFC 11 ndani ya 1996, na mwanzoni mwa 1997 akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu. Baada yake hesabu mwenyewe mabingwa waliotoka mieleka: Couture, Cormier, Cejudo mwenye dhahabu ya Beijing 2008, Usman.

Dada_Kabali

Mtama_Mrefu, umesimulia unachokipenda, ukaruka kisichokufaa.

Kabla ya Coleman alikuwepo Dan Severn, UFC 4, Desemba 1994. Mwanamieleka hasa, alimzidi Gracie uzito kwa mbali, akamlalia karibu dakika 16. Mwisho Gracie akamnasa shingo kwa miguu, jamaa akasalimu amri. Kukaa juu hakukusaidii kama hujui aliye chini anatafuta nini.

Na Coleman mwenyewe ubingwa alikaa nao miezi tu. Julai 1997 alikutana na Maurice Smith, mtu wa ngumi na mateke. Smith akaangushwa, akatulia chini, akajilinda, akamwacha mwenzake ajimalize. Pumzi ilipomkatika Coleman, Smith akasimama akaanza kumchapa mateke ya mapaja, majaji wakampa ushindi. Mieleka hakuijua kiasi hicho. Alijua namna ya kutomalizwa nayo.

Mimi ni wa jujitsu, mnipime kwa hilo. Lakini kuna jambo naliona kwa karibu kila mwanamieleka anayeingia klabuni kwetu. Kwenye mieleka mabega yote mawili yakigandamizwa chini umekwisha, kwa hiyo mwili wake umezoeshwa tangu utotoni: ukianguka, geuka kifudifudi upesi, panda magoti, inuka. Hapo katikati anampa mwenzake mgongo, na kwao si hatari kubwa. Kwenye MMA mgongo ni kitu cha mwisho kumpa mtu. Miguu inapachikwa kiunoni, mkono unapenya chini ya kidevu, roba imeshafunga kabla hajajua kilichotokea.

La pili ni kichwa. Anapovamia mguu, kichwa kikibaki upande wa nje wa mwili wa mwenzake, shingo iko wazi, na anayeijua kabali ya mbele anaikumbatia palepale. Hawa watu hawana hofu hiyo kabisa, kwa sababu kwenye mchezo wao kunyonga ni marufuku. Yote haya yanarekebishika, ila tusiambiane kwamba mwanamieleka anakuja kamili.

Sofa_Namba_Moja

Najitambulisha: sofa. Mieleka inaboa. Mtu anamlalia mwenzake raundi nzima halafu majaji wanampa pointi.

Mtama_Mrefu

Basi inuka akulalie tuone kama utaboreka.

Kocha_Pembeni

Nafundisha mieleka, na vijana kadhaa wamepita mikononi mwangu wakaenda MMA. Alichosema Dada_Kabali kuhusu mgongo na shingo ni kweli tupu, na mimi nina matatu ya kuongeza.

Mkao. Mwanamieleka anainama, kichwa mbele, uzito kwenye mguu wa mbele. Mkekani ndivyo inavyotakiwa. Kizimbani, yaani uwanja wa MMA uliozungukwa na wavu, mguu ule unakula mateke na uso ule unasubiri goti. Ben Askren alikuwa bingwa wa vyuo mara mbili na akaiwakilisha Marekani Olimpiki ya 2008. Julai 2019 aliinama kumfuata Jorge Masvidal, goti la kuruka likamkuta njiani. Sekunde 5, kazi imekwisha.

Umbali. Kwenye mieleka mnaanza mkiwa karibu kushikana. Kwenye MMA kuna eneo la kuvuka ambalo ndiko ngumi zinakoishi, na mwanamieleka mgeni analivuka mikono mitupu. Wakija wanaotaka kuhamia huko, kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kutanguliza ngumi hata kama haina uzito. Mwenzake akiinua mikono kulinda uso, mapaja yamebaki peke yake. Zoezi hilo tunalirudia hadi wanachoka kuliona: ngumi ya uso, goti la mbele linashuka, bega linagonga kiuno, mikono inakutana nyuma ya magoti. Wengi hukwama katikati, maana hupiga ngumi, wakasita kuangalia imefika wapi, kisha ndipo wakashuka. Ule msito mdogo ndio unaokufanya ule goti.

Wavu. Mkekani mkitoka nje refa anawarudisha katikati. Kizimbani hakuna nje. Aliyebanwa anaegemea wavu ili asianguke, na mbinu nzuri kabisa ya kuangusha inaishia hapo, mgongo wa mtu ukiwa umepata nguzo. Ndiyo maana hupaswi kuuliza mieleka tu, uliza mieleka ipi. Ya Kigiriki-Kirumi hairuhusu kushika chini ya kiuno, na wengi wanaidharau. Lakini pale kwenye wavu, mkono chini ya kwapa na kichwa chini ya kidevu cha mwenzako, hakuna inayoifikia. Randy Couture aliishi kwa hiyo. Ya vyuo vya Marekani inatoa pointi hata kwa muda wa kumdhibiti mtu chini asiinuke, na ndiyo kazi yenyewe ya MMA. Ya mtindo huru, aliyoipata mdogo wako, itampa mbinu nzuri sana za kuangusha, ila chini hakai sana: asipomgeuza mwenzake haraka, refa anawasimamisha. Kumkalia mtu dakika tatu bila kumwachia itabidi akajifunze kwingine.

Na kuhusu Khabib, mkuu, yule ni bingwa wa dunia wa sambo ya kivita, mchezo wenye ngumi, mateke, kuangusha na kunyonga kwa pamoja. Mieleka alikua nayo, ila ukimtaja kama ushahidi wa mieleka peke yake unamkata vipande.

Raundi_ya_Tano

Nasoma nacheka. Mnabishana msingi upi wakati mieleka inayohitajika MMA inafundishika baadaye.

Georges St-Pierre, bingwa wa zamani wa UFC, alianzia karate. Mwaka 2007 alikutana na Josh Koscheck, bingwa wa vyuo wa 2001, na aliyekuwa anabwagwa ni Koscheck. Francis Ngannou alitoka Cameroon akiwaza ndondi. Januari 2018 Stipe Miocic alimwangusha na kumchosha raundi tano, kila mtu akasema dawa yake imepatikana. Januari 2022, akiwa na goti bovu na raundi mbili za mwanzo zimempotea, alianza yeye kumwangusha Ciryl Gane na akabaki na mkanda. Ngannou anaangusha mtu! Nani angeamini?

Leon Edwards naye, Agosti 2022: raundi ya kwanza akamwangusha Usman, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya UFC. Alielemewa raundi zilizofuata, kisha raundi ya tano, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, teke la kichwa likammaliza bingwa. Kwa hiyo mpelekeni kijana kwenye ngumi na mateke, ajifunze kumaliza pambano, halafu mumwongezee kinga dhidi ya mieleka: kurusha miguu nyuma anapovamiwa, kumlalia mwenzake mgongoni, kuinuka akiwa kwenye wavu. José Aldo, bingwa wa zamani, alitawala uzito wake miaka kwa kinga hiyo.

Kocha_Pembeni

Raundi, mifano yako ni ya kweli, ila tazama ulichofanya. Hao wote walifika juu baada ya kujifunza mieleka. Hujaiondoa, umeisogeza tu mbele.

Tofauti iko kwenye umri. Kuzuia kuangushwa si mbinu tano za kukariri. Ni kuhisi uzito wa mtu unahamia mguu gani kabla yeye hajaamua, na hiyo inakuja kwa kushikana na watu maelfu ya mara. St-Pierre aliipata akiwa mtu mzima, wengi hawaipati. Ngumi za kutosha, sisemi za ubingwa, nimeona vijana wakizipata ukubwani bila shida kiasi hicho.

Israel Adesanya, bingwa aliyetoka ngumi na mateke, alikuwa hashikiki akiwa amesimama. Machi 2021 alipanda uzito kumfuata Jan Blachowicz, ambaye wala hasifiki kwa mieleka, na raundi za mwisho akajikuta chini ya mwili mkubwa. Agosti 2025 Khamzat Chimaev, mwanamieleka, alimdhibiti Dricus du Plessis zaidi ya dakika 20 kati ya 25. Du Plessis alikuwa bingwa, mwenye nguvu na moyo. Dakika 20.

Raundi_ya_Tano

Na Alex Pereira? Katoka ngumi na mateke, kachukua mikanda ya uzito wa aina mbili.

Kocha_Pembeni

Pereira ana mkono ambao haufundishwi na mtu. Ukiwa na mkono ule, anzia popote.

Sofa_Namba_Moja

Sofa lina swali. Mbona hamtaji mieleka ya kwetu Waafrika? Oumar Kane, yule Reug Reug, katoka kwenye laamb ya Senegal, ambako ngumi zinaruhusiwa. Novemba 2024 kamshinda Anatoly Malykhin kwa uamuzi wa majaji na kuchukua mkanda wa uzito wa juu wa ONE, shirika la mapigano la Asia. Malykhin mwenyewe ni mwanamieleka wa mtindo huru.

Mtama_Mrefu

Leo sofa limeongea. Naunga mkono hoja.

Dada_Kabali

Kuna kitu hakijaguswa, na huyu ni kijana wa miaka 17. Utamaduni wa kukata uzito kwenye mieleka ni mkali. Daniel Cormier alikuwa nahodha wa Marekani Beijing 2008, na hakupanda mkekani kwa sababu figo zilimgoma akikata uzito. Kama mtu mzima, tena wa kiwango kile, yalimkuta hayo, mleta mada ukifika klabuni muulize kocha waziwazi wanawashushaje vijana uzito. Akikujibu kwa kicheko, chukua mtoto muondoke.

Zaidi ya hapo, kwa umri wake nami nakubali aanze na mieleka. Ila mwaka wa kwanza usiishe hajaingia kwetu walau mara moja kwa wiki, kwa ajili ya shingo na mgongo tu. Tabia ya kugeuka kifudifudi ikikomaa, kuitoa ni kazi.

Mpambe_wa_Kizimba (mleta mada)

Asanteni sana. Mieleka siku za wiki, jujitsu Jumamosi, ngumi tutazileta baadaye. Kocha_Pembeni, hiyo ratiba haimchanganyi? Na swali la pili linatoka kwa mama: ameona masikio ya Khabib kwenye picha na amegoma.

Kocha_Pembeni

Haimchanganyi, mradi klabu zote mbili zijue. Wa mieleka atamfokea akilala chali, wa jujitsu atamfokea akigeuka. Baada ya muda atajua yuko mkeka gani.

Masikio: mwambie mama yanakingika. Sikio likisuguliwa na kugongwa sana, damu hujikusanya kati ya ngozi na gegedu, na ikiachwa inageuka uvimbe mgumu wa kudumu. Kinga ya masikio avae kila mazoezi, hata wenzake wakimcheka. Sikio likivimba na likiwa laini ukiligusa, aende kwa daktari siku hiyohiyo likatolewe damu na kufungwa bandeji ya kubana. Asijitoboe na sindano nyumbani kama wanavyofanya wengine, atalitia usaha.

Sofa_Namba_Moja

Mimi yangu yako salama.