Vidole vimegeuka vyeupe kama chaki baada ya dawa za kukesha, nisaidieni

Komredi_wa_Section58

Wasee habari zenu, naomba mnisome mpaka mwisho kabla mnitukane, najua nastahili. Mi ni komredi wa chuo mwaka wa tatu hapa Nakuru, wiki hii tulikua na pepa tano kwa siku nne na muhula mzima nilikua nimelala. Rumeti akaniambia kuna dawa ya kufanya kichwa ishike, ile hupewa watoto wenye hawatulii darasani, ati ukimeza moja unasoma mpaka asubuhi na simu huigusi. Akanitolea kadhaa kwa kichupa kimeandikwa Concerta. Mi sina ugonjwa wowote wa kutotulia, daktari hajawahi niambia hivyo, wacha niseme tu ukweli mapema.

Jumatatu nikameza moja baada ya chai. Manze sidanganyi, ilishika. Nilisoma noti zote za takwimu, nikafua nguo zangu, nikafua za rumeti, nikapanga viatu kwa mstari kama vya duka. Njaa sikuisikia kabisa, githeri ilikaa kwa sahani mpaka ikakauka. Saa nane usiku macho bado yako wazi kama ya samaki. Sasa Jumanne nimeenda choo, nainuka nivute maji naona kidonge kimelala pale, kizima, rangi ile ile! Nikajiambia kumbe hii kitu ilipita tu bila kuyeyuka, basi yale yote nilisikia yalikua mawazo yangu. Ndio Jumatano, siku ya pepa yenyewe ngumu, nikameza mbili, na ya pili nikaitafuna ndio isinitoroke tena, nikashushia na kahawa na Red Bull.

Nusu saa hivi moyo ukaanza kukimbia kama boda inapanda mlima na watu watatu. Taya ikajifunga yenyewe, nilikua nasaga meno mpaka dem mwenye amekaa mbele akageuka kuniangalia. Swali la kwanza nikaliandika, nikaliandika, nikasikia niko na akili ya profesa, kurasa kumi na moja, halafu msimamizi akasema zimebaki dakika kumi. Maswali mengine matatu sijagusa. Hata hilo la kwanza nikilikumbuka sasa ni maneno yale yale nimeyazungusha.

Lakini shida yenye imenileta hapa ni vidole. Tangu hiyo Jumatano, asubuhi kukiwa na baridi (na mnajua Nakuru Julai) vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakua vyeupe kama chaki, havina hisia, baadaye vinakua kama vya maiti rangi ya samawati, nikiviweka kwa maji moto vinawaka vinauma mpaka machozi. Leo ni siku ya tatu. Pia kipande cha jino la nyuma kimevunjika. Hii kitu hurudi sawa ama nimejikata mkono hivyo?

Omosh_Kondele

Buda ulifua mpaka nguo za rumeti? Nipe ile siri, niko na blanketi tatu hapa zinangoja tangu Krismasi 😂

Serious sasa, tatizo si dawa, tatizo ni wewe, mbili halafu unatafuna halafu Red Bull juu, hata punda angeanguka. Mi hutumia moja moja tangu mwaka wa kwanza wakati wa mitihani na sijawahi ona kidole cheupe. Vaa glavu, kunywa maji, itaisha. Watu wanapenda kutisha wenzao bure.

Duka_la_Kona (Kisumu)

Komredi, kwanza hii ya vidole usingoje comment ya mtu, amka uende hospitali leo, wakupime presha na moyo, na uwaambie kila kitu, hata ile ya kutafuna. Hawakupeleki polisi, wanataka tu kujua cha kutibu. Na ukisikia kifua kinabana, ama kuzirai, ama uanze kuona vitu na kusikia watu wenye hawako, hapo usitafute hata viatu.

Sasa wacha nieleze juu mi niko nyuma ya kaunta ya dawa mwaka wa kumi na moja na hii ya choo nimeisikia mara nyingi. Hicho ulichoona haikua dawa, ilikua ganda. Hiyo Concerta imetengenezwa na gamba lisiloyeyuka, liko na katundu kadogo, maji ya tumbo yanaingia ndani yanasukuma dawa itoke pole pole kama masaa kumi na mbili. Ikiisha, ganda tupu linatoka na choo likiwa bado na umbo lake. Yaani Jumatatu dawa yote ilikuingia, ndio maana ulipanga viatu. Halafu Jumatano ukaponda gamba kwa meno, na ya masaa kumi na mbili ikakumwagikia mara moja. Hapo ni kama mtu amefungua bomba la tangi badala ya kunywa na kikombe.

Vidole: dawa yenyewe inaitwa methylphenidate, inashikilia dopamini na noradrenalini zisirudishwe haraka mahali zimetoka, na noradrenalini ndio hufanya mwili ukae tayari kupigana. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, mishipa midogo ya damu mikononi na miguuni inabana. Baridi nayo inabana. Kahawa nayo inaongeza moto kwa moyo. Ile ya nyeupe, halafu samawati, halafu nyekundu yenye inachoma, inajulikana, hata imeandikwa kwa ile karatasi ya ndani ya pakiti yenye watu hutupa. Wengi ukiacha dawa inatulia, lakini kuna wenye kidole kimepata kidonda, kwa hivyo onwa na mtu, na usiviweke kwa maji moto sana, ya vuguvugu inatosha.

Meno pia ni hiyo hiyo. Na kuna ingine vijana huona aibu kuuliza, wacha niiseme wazi: hii dawa inaweza kusimamisha mambo ya mwanaume na yakatae kulala. Marekani FDA, wale wa serikali wenye hukagua dawa, walitoa onyo 2013 juu ya hiyo. Ikipita masaa manne ni hospitali, si kucheka, si kungoja, ukichelewa unaweza kuharibika kabisa.

Omosh, wewe na "sijawahi ona". Ushawahi pima presha? Na ati inakusaidia kusoma, 2023 watu wa Chuo Kikuu cha Melbourne walijaribu na watu 40 wenye hawana ugonjwa, wakawapa methylphenidate na zingine za jamii hiyo, wakawapa mafumbo ya kupanga vitu kwa mkoba usipite uzito. Walitumia nguvu zaidi na muda zaidi, lakini kazi yenyewe ikawa mbaya kuliko wakati wamepewa kidonge feki kisicho na dawa. Soma tena zile kurasa kumi na moja za komredi halafu uniambie.

Alafu komredi, swali moja. Alhamisi ulikua aje?

Komredi_wa_Section58

Daktari umejuaje. Alhamisi sikutoka kitandani. Nililia, sijui nalilia nini, mtu mzima wa miaka 22 nalilia wimbo wa matangazo ya sabuni. Nikasikia ni kama maisha imeisha.

Duka_la_Kona (Kisumu)

Mi si daktari, niite tu ndugu wa duka. Lakini hiyo nilijua juu ukikopa nguvu Jumatano lazima Alhamisi ije kudai. Ikikaa zaidi ya siku chache ama ukianza kuwaza kujidhuru, usikae nayo peke yako kwa chumba. Nambari ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, ni ya bure, wanaongea na mtu usiku na mchana.

Trela_Salgaa

Vijana mnanichekesha na kunihuzunisha. Mi ni dereva wa masafa, Mombasa mpaka Malaba, hizo vitu za kukesha sisi tulizianza kabla mzaliwe. Miraa, muguka, vidonge vyenye hata hujui jina vya mtu wa stendi. Kuna usiku moja nilikua nimepita Nakuru naelekea Salgaa, siku ya pili bila kulala, nikaona ng'ombe wamejaa barabara yote, weusi, na mchungaji amevaa koti la mvua. Nilishika breki mpaka mzigo ukalia nyuma. Nikashuka nipige kelele, hakuna ng'ombe hata mmoja, hakuna kinyesi, hakuna kitu, ni lami tu na taa zangu. Turnboi akaniambia mzee tulikua tunaenda sawa, umesimamia nini? Kama kulikua na matatu nyuma yetu leo singekua naandika hapa.

Yenye hamwelewi ni kwamba dawa haikupi usingizi ulioupoteza, inakufichia tu. Unaona uko macho lakini ndani umelala. Siku hizi nikichoka naegesha, tajiri apige simu mpaka ichoke.

Omosh_Kondele

Mzee wa trela pole sana. Na ile ya masaa manne imenitisha kuliko hizo zote, siwadanganyi. Kuna siku... wacha tu.

Duka_la_Kona (Kisumu)

Omosh kuja inboksi. Leo.

Mama_Junia_Kakamega

Habari za jioni. Nimesoma hii thread mara mbili nikiwa na hasira, nikangoja ipungue kidogo ndio niandike.

Kijana wangu ana miaka tisa na ana huo ugonjwa mnaouita wa watoto wenye hawatulii. Ilichukua miaka miwili kujua. Alipigwa shuleni, alifukuzwa kanisani kwa vijana wa Sunday school, majirani waliniambia ni malezi, mama mkwe akasema apelekwe kuombewa. Siku daktari alimwandikia hiyo dawa na mtoto wangu akakaa chini akamaliza kuchora nyumba yote na mlango na kuku nje, nilienda jikoni nikalia. Haimfanyi akeshe, haimfanyi profesa. Inamfanya tu awe kama wengine mpaka jioni. Na kila mara tukienda klinika anapimwa uzito, urefu, presha, moyo, hawampi tu hivi hivi, na tulianza na ndogo.

Sasa sikieni. Hapa Kakamega mara nyingi haipatikani, natuma mtu Kisumu ama Eldoret, na hawaiuzi bila karatasi ya daktari, na ni sawa iwe hivyo. Bei yake siwezi kusema mbele ya watu. Chupa yetu ni vidonge thelathini, hiyo ni mwezi moja wa mtoto. Vikipungua vitatu, hizo ni siku tatu mwalimu ananipigia simu nikamchukue. Kwa hivyo mnaposema "rumeti alinitolea kadhaa" mi naskia kitu kingine kabisa. Komredi, huyo rumeti wako alitoa wapi? Hicho kichupa kilikua na jina la nani?

Komredi_wa_Section58

Mama shikamoo. Nimekaa na swali lako tangu jana.

Kwanza wadau, nilienda hospitali. Presha ilikua 152 kwa 98, daktari akauliza kama nimekimbia, wakaweka zile waya za kifuani, moyo uko mbio lakini mpangilio wake sawa. Nimeambiwa hakuna kahawa, hakuna enaji, hakuna sigara, nivae glavu, nirudi baada ya wiki kupimwa tena. Leo asubuhi ni kidole kimoja tu kilikua cheupe na kilirudi haraka. Jino litajazwa nikipata pesa. Ile pepa ni supu, yaani nitairudia, hiyo najua bila matokeo.

Sasa mama, kichupa kilikua na jina la mtoto. Mdogo wake rumeti, ako darasa la tatu, wanakaa upande wa Bungoma. Alikua amevichukua wakati wa likizo, mama yao hajui, alifikiri wakipunguza pole pole haitaonekana. Nilikua sijui, lakini pia sikuuliza, na jina nililiona. Tumehesabu, vimebaki kumi na nne. Rumeti anasema ni afadhali vitupwe kuliko kupigiwa kelele. Mi nimevificha kwa sanduku langu asivitupe. Sijui nivitume na matatu ya Bungoma ama nifanye nini, na sijui mama yake nitamwambia aje.

Mama_Junia_Kakamega

Marahaba mwanangu, nafurahi uko hai.

Usitume kwa matatu, dawa kama hiyo haiachwi kwa kondakta. Mpigie huyo mama wewe mwenyewe leo jioni, si kesho, na huyo ndugu yake awe ameketi hapo asikie. Mwambie vilikua vingapi, vimebaki vingapi, na kwamba hakuna kilichofunguliwa wala kubadilishwa. Atapiga kelele. Wacha apige, usikate simu. Halafu atanyamaza, na hapo atakuuliza kuhusu vidole vyako, utaona.

Sisi huhesabu Jumapili jioni tukipanga za wiki. Leo ni Jumamosi.

Komredi_wa_Section58

Napiga sasa. Simu inaita.